Mgeni Hapangi Laini

Kila asubuhi kabla ya chai, Mzee Bristo alitoa viatu vyake viwili nje, akakaa kwa stuli mbele ya mlango wake, akavipaka rangi vyote viwili. Cha kulia alikivaa. Cha kushoto alikirudisha chini ya kitanda kiking'aa, kwa sababu mguu wa kushoto ulikuwa na kidonda na ulikuwa umefura mpaka haukuingia kwa kiatu chochote. Huo aliuvalisha akala, ile ya tairi, kamba zimelegezwa mpaka mwisho. Siku moja Mama alimwuliza mbona anamaliza rangi kwa kiatu kisichovaliwa.

"Hii mguu ikipona," akasema, "itakuta kiatu iko tayari."

Tuliishi naye plot moja huko Kimumu, yeye kwa chumba cha mwisho, sisi cha katikati. Alikuwa Mwingereza, lakini si wa wale wa mashamba. Wale wa mashamba waliuza wakaenda zao zamani. Yeye hakuwa na shamba la kuuza. Alikuwa fundi wa kombaini, zile mashine za kuvuna ngano, na alizunguka nazo Moiben yote mpaka macho yakakataa kuona nati ndogo. Kiswahili chake alikiokota gereji, kwa hivyo kilinuka grisi. Akiwa na mafua alisema kabureta imeziba. Mtoto wa jirani akilia usiku, asubuhi alimwuliza mamake kama ameangalia fanbelti.

Kuhusu mguu alisema tu kwamba unavuja.

Mama alimwambia aende kwao Uingereza, tunasikia huko matibabu ni bure. Akasema alishauliza. Kwao ni bure kwa mtu anayeishi kwao, na yeye aliondoka akiwa kijana, sasa kwa hospitali ya kwao yeye ni mgeni. Ile ya kibinafsi hapa mjini nayo walimtajia bei kabla hajamaliza kukunja suruali. Ikabaki ya serikali. Hilo halikumsumbua hata kidogo.

"Mimi nalipa kodi hapa zamani, mama," akasema. "Nitapanga laini kama mtu."

Alipenda laini jinsi wengine wanavyopenda mpira. Mwaka ule ndio watu walipiga kura kwa kupanga laini nyuma ya picha za wagombea. Yeye hakuwa na kura, lakini alitembea mpaka uwanjani na mguu wake, akasimama kando akitazama, akarudi amefurahi kwamba hatimaye nchi imejifunza. Jioni akaambiwa kwamba laini fupi ndiyo imeshinda. Halafu akasema labda wamehesabu kutoka nyuma.

Mimi shule niliishia darasa la tatu, kwa hivyo laini ninazozijua ni ya maji na ya hospitali. Ya hospitali niliijua vizuri wakati huo, kwa sababu Mama alikuwa amepasuliwa tumbo na mshono ulikataa kufunga. Alilazwa kwa wodi ya wanawake kitanda kimoja na Mama Nanyama wa kutoka Bungoma, mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule, miguu ikikutana katikati. Shuka hakukuwa. Walilalia godoro la plastiki na leso zetu wenyewe. Shuka zilikuwepo, kila mtu alijua, lakini zilikaa stoo, na ufunguo wa stoo ulikaa shingoni mwa Sista Kageha, aliyekuwa mkubwa wa manesi wote. Si kwamba alikuwa mama mbaya. Alisema shuka zikilaliwa zitachafuka, na wageni wakija watakuta nini?

Wageni walikuwa kweli wanakuja. Mwezi uliopita walikuja Wazungu wawili na gari refu, wakapiga picha, wakasema wanaweza kuleta jenereta, lakini kwanza watatuma mtu wao aje kuangalia mambo polepole. Hawakusema lini. Hawakusema ni mtu gani. Hospitali nzima ikawa inamngoja huyo mtu.

Basi asubuhi moja ya Jumatano nampelekea Mama uji, na Mzee Bristo anachechemea kando yangu na akala yake, amevaa tai.

Tulikuta laini imetoka mlangoni mpaka kwa ule mti wa jacaranda. Mzee Bristo akauliza nani wa mwisho, akaonyeshwa, akasimama nyuma yake, akaweka mikono mgongoni. Nilimwona uso. Alikuwa amestarehe kama mtu aliyefika nyumbani.

Oketch, askari wa geti, alikuja mbio akishika kofia.

"Mzee, toka hapo, tafadhali."

"Mimi iko wa mwisho," akasema Mzee Bristo. "Huyu mama iko mbele yangu."

"Najua, Mzee. Lakini mgeni hapangi laini. Watu watasema nini?"

"Mimi si mgeni. Mimi mgonjwa."

"Ndiyo, Mzee," akasema Oketch, kwa ile sauti ya kukubaliana na mtu mkubwa anayependa utani, akamshika kiwiko.

Alipelekwa moja kwa moja kwa ofisi ya Bwana Wamalwa, katibu wa hospitali, mtu mnene mwenye beji ya jogoo, ile ya chama, kwa koti. Dirisha lilikuwa wazi, na sisi wa kungojea kufunguliwa wodi tulikaa chini yake. Tukasikia viti vinavutwa. Tukasikia chai inaagizwa, ya maziwa matupu, na mkate uliopakwa siagi pande zote mbili.

"Mimi iko na shida ya mguu," akasema Mzee Bristo.

"Tutafika hapo, Mzee. Kwanza karibu chai."

"Chai nilikunywa nyumbani. Iko mguu. Angalia."

Nadhani alikunja suruali, maana Bwana Wamalwa alisema pole sana mara nyingi, na dirisha likafunguliwa zaidi.

"Sasa hiyo, Mzee, haiwezi kuguswa na hawa vijana wetu. Mtu kama wewe ataonwa na daktari mkubwa mwenyewe."

"Daktari mkubwa iko wapi?"

"Yuko Nairobi, semina. Lakini wakati tunamngoja, si tuzunguke kidogo uone wodi zetu?"

Unajua mtu akikaribishwa kwa heshima namna hiyo ni vigumu kuinuka aende. Hata Mwingereza. Alizungushwa. Lakini kabla hajazungushwa, sisi tuliona Sista Kageha anapita na funguo mkononi, na nyuma yake manesi wanne wamekumbatia shuka nyeupe mpaka machoni. Nilipoingia na uji wangu sikumtambua Mama. Alikuwa kwa kitanda chake peke yake, amefunikwa mpaka kidevuni, na dripu imetundikwa. Mama Nanyama alikuwa kitanda cha pili, naye na shuka yake, akiishika kwa vidole viwili kama kitu cha kuazima.

Mzee Bristo alifika kitandani.

"Seline," akasema. "Habari ya bodi?"

"Iko mzuri leo, Mzee," akasema Mama. "Leo nimedungwa sindano ambayo wiki mbili nimeambiwa haiko."

Bwana Wamalwa akacheka kwa nguvu. Alishangaa kwamba mgeni anajua wagonjwa kwa majina, nikaona anamnong'onezea Sista Kageha, na Sista akanyoosha shuka ambayo ilikuwa imenyooka tayari.

Walimsindikiza mpaka getini. Alienda nyumbani ameshiba mkate, na bandeji ile ile ya jana.

Hakukata tamaa. Alifikiri kosa ni tai. Jumatano iliyofuata alivaa ovaroli yake ya zamani, yenye matundu ya asidi ya betri, na kofia ya sufu, akaenda mapema. Aliniambia njiani kwamba safari hii ataonekana kama watu.

Kumbe aliharibu zaidi. Oketch alimtambua akiwa bado upande ule wa barabara, na habari ikaingia ndani kabla yake: yule mtu wa jenereta amerudi, na leo amejificha kwa nguo za maskini ili aone vile tunatibu watu kweli. Sijawahi kuona hospitali inakimbia namna hiyo. Sakafu zilimwagiwa dawa. Kliniki ya watoto, ambayo haikuwa na mhudumu, ikapata wahudumu watatu. Dirisha la dawa ambalo lilikuwa na kibao cha kusema dawa imeisha likafunguliwa, na dawa ikawa imerudi.

Na laini yenyewe ikamkataa. Alisimama nyuma, wale wa mbele wakageuka wakamwona, wakaanza kusogea kando. "Pita, Mzee." "Hapana, wewe mbele." "Pita tu, sisi tumezoea." Walimsukuma kwa mikono ya adabu, mmoja akimpokeza kwa mwingine, mpaka akajikuta mlangoni kwa nesi wa vidonda bila kupiga hatua yake mwenyewe.

Nesi alikuwa msichana mdogo. Alimwona, akasimama na koleo ya pamba mkononi.

"Mimi nataka safisha hii," akasema Mzee Bristo, akainua mguu kwa stuli.

"Siwezi, Mzee."

"Kwa nini? Wewe iko na dawa. Iko na pamba. Hii ni kidonda."

"Nikikosea mtaandika," akasema yule msichana, karibu kulia. "Mimi nimeajiriwa juzi tu. Ngoja Sista."

Sista Kageha akaja, akamwambia aibu gani hii ya kuwekwa kwa stuli, akamrudisha ofisini. Chai ikaletwa. Safari hii na yai.

Sasa nitaeleza ubaya wetu, sisi watu wa wodi. Jumatano hiyo shuka zilitoka tena. Sindano zilikuja. Jioni alipokwishaondoka shuka zilirudi stoo, na Mama na Mama Nanyama wakarudi kitanda kimoja. Haikuhitaji mtu wa chuo kikuu kuelewa dawa ya wodi ile ni nini. Ilikuwa ni Mzee Bristo kupita.

Watu wakaanza kuniuliza mimi, kwa sababu nilikaa naye plot moja. "Mzungu wenu anakuja lini?" Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgonjwa alinibembeleza nimwambie aje hata Ijumaa. Nami sikujibu, maana nilijua anakuja lini. Alikuwa anakuja kila Jumatano, na kila Jumatano alikuwa anakuja kutibiwa.

Jumatano ya tatu alikuwa amechoka. Alizungushwa, akafika kwa Mama, akakaa pembeni mwa kitanda. Bwana Wamalwa alikuwa mlangoni akimkemea mfagiaji. Mzee Bristo akasema polepole kwamba leo atakataa chai. Ataingia kwa nesi na kufunga mlango kwa ndani, atawaambia yeye si wa jenereta, ni Alfred Bristow wa Kimumu, na hatatoka mpaka mguu usafishwe.

Mama aliangalia shuka. Mama Nanyama ndiye aliyesema.

"Mzee, samahani. Huo mguu unaweza kungoja?"

"Kungoja nini?"

"Wakijua wewe ni mgonjwa kama sisi, hii itarudi stoo siku hiyo hiyo." Alipapasa shuka. "Na sindano. Mimi nimebakisha chache. Seline naye mshono umeanza kukauka. Sisi hatukuombi pesa. Tunakuomba tu utembee."

"Mama Nanyama, mwache," akasema Mama. "Mguu ni wake."

"Nimesema unaweza kungoja. Sijasema aukate."

Mzee Bristo aliutazama mguu wake kama anavyotazama mashine ya mtu aliye na haraka. Halafu akatazama kitanda baada ya kitanda, mpaka mwisho wa wodi. Nadhani wote walikuwa wanasikiliza, hata wale waliojifanya wamelala.

"Iko na maili kidogo bado," akasema. Akainuka, akamfuata Bwana Wamalwa, akanywa chai.

Basi akawa anatembea. Jumatano baada ya Jumatano, akiwa na tai, mikono mgongoni, anauliza kila kitanda habari ya bodi. Alijifunza kazi ya ugeni. Akisimama mahali na kukunja uso, kesho yake mahali hapo panapakwa chokaa. Siku moja aliangalia juu kwa balbu iliyokufa, hakusema kitu, na kabla hajafika mwisho wa wodi mtu alikuwa amepanda ngazi. Bwana Wamalwa alimheshimu zaidi kwa sababu hataji jenereta. Alisema watu wakubwa kweli hawana maneno mengi.

Mama alikauka mshono, akaruhusiwa. Mama Nanyama akabaki, maana shida yake ilikuwa kwa mapafu. Nyumbani sasa tuliuona ule mguu vizuri. Ulikuwa umebadilika rangi hadi nusu ya muundi. Asubuhi akikaa kwa stuli kupaka viatu, kuku hawakukaribia. Mama alimchemshia maji ya chumvi, akamwosha mwenyewe, akikaza uso.

"Mzee, mimi nimetoka sasa," akamwambia. "Waambie ukweli. Utaupoteza huu."

"Mama Nanyama iko bado."

"Mama Nanyama ana kaka wawili huko Bungoma wa kumhangaikia. Wewe una nani?"

Alipaka kiatu cha kushoto mpaka kikang'aa. Lakini usiku huo tulimsikia anapiga ukuta kwa ngumi, pole pole, kama mtu anayehesabu maumivu.

Ndipo ikaja harambee.

Jenereta ilikuwa haionekani, hivyo kamati iliamua kujenga wodi mpya kwa nguvu za wananchi. Waliweka hema tatu uwanjani mwa hospitali. DO, mkuu wa serikali wa tarafa, alialikwa awe mgeni wa heshima, na kando yake kwa meza kuu, kiti chenye kitambaa, akawekwa Mzee Bristo. Bwana Wamalwa alimletea mwaliko mwenyewe mpaka Kimumu, kwa gari. Aliuona mlango wa chumba kimoja, stuli, na karai la maji ya chumvi, na akatoka akimwambia dereva kwamba huyu mzee amejishusha kupita kiasi.

Asubuhi ya harambee Mzee Bristo alivaa viatu vyote viwili. Sijui aliuingizaje ule mguu. Mama alisikia mlio kupitia ukuta akatoka mbio, akamkuta amekaa kitandani, jasho linamtoka, kamba zimefungwa.

"Leo nitawaambia," akasema. "DO iko. Watu wote iko. Mbele ya watu wote hawawezi nipa chai."

"Sasa hivyo ndivyo," akasema Mama. Tukaenda naye, yeye katikati.

Wagonjwa wanaoweza kukaa walikuwa wametolewa nje na kupangwa kwa benchi, wamejifunga shuka, ili wachangaji wawaone. Mama Nanyama alikuwa hapo, amenona kidogo. Kwaya ya manesi ikaimba. Kukawa na hotuba, halafu mnada, kama kawaida ya harambee: jogoo mmoja akauzwa mara nne, maana kila aliyemnunua alimrudisha auzwe tena. Keki ikauzwa. Kreti la soda likauzwa. Bwana Wamalwa ndiye aliyeshika kipaza sauti, na kwa kazi hiyo Mungu alimpa kipaji.

"Na sasa," akasema, "mgeni wetu ambaye amekuwa akitutembelea kimya kimya. Hana makuu. Amekunywa chai yetu. Karibu, Mzee wetu."

Mzee Bristo alisimama. Alitembea mpaka mbele bila kuchechemea, na najua hiyo ilimgharimu nini. Watu wakapiga makofi. Alishika kipaza sauti mbali kidogo, kama spana asiyoiamini.

"Mimi si mgeni," akasema. "Mimi mgonjwa. Mimi naishi Kimumu. Mimi fundi ya kombaini. Jenereta mimi sina. Mimi nakuja hapa kila Jumatano kutafuta dawa, na nyinyi napa mimi mkate."

Watu wakacheka, kicheko kizuri cha kumpenda.

"Mimi si cheka," akasema. Akainama, akafungua kamba, akavuta kiatu cha kushoto kwa mikono miwili, akakiweka kwa meza kuu mbele ya DO. Akavua soksi, au ile iliyokuwa soksi. Akafungua bandeji, akainua mguu, akauweka kwa kiti chake chenye kitambaa, watu wote waone.

Harufu ilifika mpaka benchi la pili. DO alitoa leso yake ya mfukoni akajifanya anapiga chafya. Mwanamke mmoja akashika mdomo. Nilimwona Mama Nanyama ameinamisha kichwa, anavuta uzi kwa shuka.

Nilifikiri, sasa. Sasa watamshika wampeleke ndani.

Bwana Wamalwa alisogea karibu. Halafu akachukua kipaza sauti mkononi mwa Mzee Bristo, kwa adabu kabisa.

"Mmejionea wenyewe," akasema, na sauti yake ilikuwa inatetemeka kweli. "Sisi tumezoea wageni wa maneno. Huyu amekataa maneno. Ameuchukua uchungu wa mwananchi wa kawaida akauvaa mguuni mwake, akatuletea mezani. Hivi ndivyo watu wetu wanavyoteseka bila wodi. Jamani, kama huyu Mzungu ameweza kusikia uchungu wetu hivi, wewe uliyezaliwa hapa utatoa nini?"

Vigelegele vikapasuka. Kwaya ikaamka bila kuambiwa. Watu wakaanza kwenda mbele kwa mstari, mikono mifukoni, wengine wanalia. DO mwenyewe akasimama, akaongeza juu ya alichotoa.

"Iko mguu yangu," akasema Mzee Bristo. "Hii si mfano. Iko mguu yangu." Lakini kipaza sauti hakikuwa kwake tena, na waliokuwa wanapita walimshika mkono wa kulia, mmoja mmoja, wakimshukuru.

Halafu Bwana Wamalwa akaona kiatu.

Alikiinua juu. Kiling'aa kwa jua kama kitu cha dukani, maana kilipakwa rangi kila siku na tangu kidonda kianze hakikuwa kimekanyaga chini zaidi ya asubuhi hiyo moja.

"Na hiki," akasema, "kiatu cha mgeni wetu. Nani ananianzishia?"

Mkulima mmoja wa Moiben akaanza. Mwingine akapanda. Jogoo alisahaulika kabisa.

Mama alinivuta mkono. Mzee Bristo alikuwa amefunga bandeji vibaya, anazunguka nyuma ya hema, ameshika ukuta wa hospitali. Tulimfuata. Mama mwenyewe alikuwa bado anatembea ameshika tumbo, hivyo tulifika wakati alikuwa ameshaingia pale wagonjwa wa nje wanapongojea.

Hapakuwa na mtu. Benchi zote zilikuwa tupu, milango yote wazi. Manesi walikuwa wanaimba. Madaktari walikuwa kwa viti vya pili. Hata mfagiaji alikuwa uwanjani. Mzee Bristo alikuwa amekaa kwa benchi la mbele, pale mwanzo kabisa karibu na mlango wa nesi wa vidonda, mikono kwa magoti, mguu mmoja na kiatu, mwingine na bandeji inayoburuta.

"Leo mimi wa kwanza," akasema.

"Ndiyo, Mzee," akasema Mama. "Wewe wa kwanza."

"Laini mzuri."

"Ngoja hapa. Watamaliza. Nitamshika yule nesi msichana kwa mkono mimi mwenyewe nimlete."

"Akija ataona nani, Seline?"

Kutoka uwanjani tulisikia watu wanashangilia. Kiatu kilikuwa kimepata bei.

"Mama Nanyama bado sindano ngapi?" akauliza Mzee Bristo.

"Amemaliza juzi. Alikuficha. Alitaka tu ile shuka."

Hapo ndipo alicheka, kwa mara ya kwanza wiki nyingi, kicheko kifupi cha gereji. Alijisukuma kwa benchi akasimama. Mama alivua leso ya kiunoni, akapiga magoti pamoja na mshono wake, akamfunga mguu vizuri, fundo kwa nje. Hakuna aliyesema kwaheri.

Getini Oketch alikuwa peke yake, amekasirika kwa kukosa sherehe. Alimpigia saluti, kisha akaona mguu.

"Mzee, na kiatu?"

"Kiatu imelazwa," akasema Mzee Bristo. "Imepata kitanda."

Akapita. Hakushika njia ya Kimumu. Alishika barabara ya kwenda Kapseret, pole pole, pembeni kabisa, kama mtu aliye nyuma ya watu ambao sisi hatuwaoni. Mwuza maziwa mmoja wa kule alisema baadaye kwamba daktari wa ng'ombe wa serikali alipokuja kudunga ng'ombe, alikuta Mzungu amesimama kwa laini katikati ya mafahali wawili, na kwa sababu hakuna aliyemtoa, ilipofika zamu yake alioshwa na kudungwa kama wengine. Sijui kama ni kweli. Ng'ombe wa Kapseret hawana wageni.

Chumba chake kilikaa kitupu mpaka mwenye plot akakipangisha. Kiatu cha kulia alienda nacho. Cha kushoto kilinunuliwa na DO, akakirudishia hospitali, kikawekwa ofisini kwa Bwana Wamalwa juu ya kabati, na mtu wa kukipaka rangi akachaguliwa. Jumatano za kwanza baada ya hapo, shuka zilitandikwa toka alfajiri, chai ikachemshwa, mkate ukapakwa siagi. Jioni Sista Kageha aliingia wodini na funguo zake, akatazama geti kupitia dirishani, akatoka bila kugusa shuka hata moja. Mtu aliyeondoka bila kuaga anaweza kutokea saa yoyote. Lakini Mzee Bristo alikuwa ameshatoka, na hakurudi.